Maharage ya Kona

Asubuhi hii nimechuma majani ya maharage kwa ajili ya mboga. Harufu yake mbichi iliponibaki vidoleni, nikarudi kwa mawazo kwenye shamba la shule yetu ya utotoni, kule milimani Kasulu.

Tulikuwa wasichana watatu. Siku ile ya kazi za kujitegemea kila mmoja alipewa mstari wake na kikombe cha mbegu, azifukie mbilimbili. Jua lilikuwa kali mno. Tukachimba shimo moja kwenye kona, tukazimwaga mbegu zote humo, tukakimbilia kucheza.

Mvua ikanyesha. Baada ya siku chache mistari yetu ilikuwa mitupu, na pale kwenye kona maharage yalikuwa yameota yamesongamana kama nywele.

Mwalimu wetu, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alituongoza mpaka pale. Hakuwa na fimbo. Alipiga magoti kwenye tope na gauni lake la kazini, akaanza kung'oa mche mmoja mmoja pamoja na udongo wake.

"Haya wanangu, tuyatenganishe. Taratibu, msikate mizizi."

Tulipandikiza naye kwenye mistari yetu. Mara mwalimu mkuu akatokea, na fimbo yake ambayo shule nzima iliijua.

"Hawa wamefanya nini?"

Mwalimu wetu hakuinua kichwa. "Wamejitolea kunisaidia, mwalimu mkuu."

Yule akatutazama, akaenda zake. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Hakuna hata mmoja wetu aliyenyanyuka.