Puli Mpya Kabla ya Jumatatu

Jumatatu mama alitakiwa kufika hospitali Dodoma kutolewa mtoto wa jicho, na gari langu lilikuwa likilia kama mbuzi aliyenaswa kwenye miiba.

"Sipandi," alisema. "Likituzimikia porini, nafasi yangu atapewa mwingine."

Nilikuwa nimeahirisha matengenezo wiki tatu kwa uvivu wangu. Jumamosi nikafunga safari kutoka Kintinku kwenda Manyoni kwa fundi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu ulikuwa umelala kwenye majaruba ya mpunga, na barabara ilionekana kama inaishia hewani. Nikaendesha taratibu kuelekea humo.

Kwenye mlima wa Saranda watu waligeuka kunitazama kabla sijawafikia. Niliona aibu, nikapandisha kioo.

Manyoni nilimkuta fundi Hamisi, mtu mzima mwenye mvi, amesimama nje ya gereji yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Zima, zima! Nimekusikia tangu relini."

Alifungua boneti, akatoa mkanda wa injini, akazungusha kwa kidole puli, kile kigurudumu cha mkanda kwenye alternator inayochaji betri. Ikakwaruza.

"Alternator ni nzima, beringi ya puli ndiyo imekwisha. Ingekata mkanda, nawe ukalala porini."

"Mama alisema hivyohivyo."

"Basi fundi ni yeye, mimi nashika spana tu."

Puli mpya ilizunguka kimya.

Saa tisa alasiri nilikuwa narudi. Nilisikia upepo kwenye nyasi, kengele za ng'ombe, hata pumzi yangu. Vitu hivyo vilikuwepo siku zote. Nilihisi naota, nikatamani nisifike upesi.

Kintinku, mama alikuwa amesimama kando ya njia. Nikasimamisha gari mbele yake, nikingoja anisifie.

"Pita tu, baba," alisema kwa upole. "Hapa namsubiri mwanangu."

Moyo uliniuma. Kelele niliyoionea aibu ndiyo iliyokuwa ikimwambia kila siku kwamba nimerudi salama.

"Mama, ni mimi."

Akapapasa boneti, bado ya moto. "Nikilisikia darajani ndipo nateleka maji ya ugali. Sasa nitakujuaje?"

"Nitapiga honi."

"Acha honi. Wakishanitoa hiki kitu, nitakuona mwenyewe." Akautafuta mlango, akaufungua, akakaa. "Hivi lina rangi gani?"

"Bluu, mama."

Akacheka hadi akafuta macho.

"Miaka sita yote, mimi napanda jekundu."