Saa ya Pazi na Kijiti cha Mama Yake

Pazi Mwishehe hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema kwa sababu ukisikia alichokifanya utataka kumsuta hadharani. Alikuwa karani wa masijala pale Kibaha, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, mzaliwa wa Gwata, mtoto wa wakulima ambaye shule ilimpitia karibu na yeye akaidaka. Baba yake alipofariki alimchukua mama yake, Bi Mwanahalima, wakaishi wote Maili Moja, yeye na mkewe Mwamini na watoto wawili, Mwanne na Twalibu. Mama alikula vizuri, na akiugua aliuguzwa. Kwa hilo huwezi kumnyooshea kidole.

Kitu alichokipenda Pazi kuliko vyote ni saa yake ya mkononi. Na aliyeipenda zaidi yake ni mama yake, ambaye hakujua hata kuisoma. Kule Gwata, Bi Mwanahalima alizoea kuchomeka kijiti uani na kukitazama kivuli chake kikipungua mpaka kianze kurefuka tena, na hivyo ndivyo alivyojua wakati wa sala ya adhuhuri tangu utoto. Alipohamia kwa mwanawe, kijiti akakiacha. Kwa nini ahangaike na kijiti, na mwanawe ana saa? Alikuwa akiuliza, "Pazi, saa ngapi sasa?" na akiwapo mgeni barazani aliuliza mara mbili, ili mgeni amwone Pazi akikunja mkono na kuitazama. Pazi alijibu kwa sauti ya ofisini, mama akatikisa kichwa, roho yake kwatu.

Basi, mwezi wa sita mwaka themanini, shule zilipofungwa, rafiki yake Telesphory, bwana shamba wa kutoka Bukoba, alikwenda kwao likizo kwa treni. Akamwachia Pazi gari lake alitunze, Volkswagen ya mgongo wa kobe, nyeupe, na akamwambia, "Wapeleke watoto waione bahari, lakini mara moja tu." Mafuta yalikuwa ya kutafuta kwa tochi miaka ile. Ile tangi iliyojaa ilikuwa zawadi ya mtu kwa ndugu yake.

Pazi akakata shauri wakalale Bagamoyo kwa shemeji yake. Watoke Jumamosi baada ya kazi, wapite Ubungo, washike njia ya pwani, warudi Jumapili. Na lazima warudi mapema, maana Jumapili ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi lilikuwa halitakiwi tena barabarani. Serikali ilikuwa ikibana mafuta, na askari wa kizuizini walikuwa hawana mchezo.

Bi Mwanahalima aliposikia Bagamoyo aliinua kichwa. Kisha akasema, "Dada yangu si yuko njia hiyohiyo?"

Dada yake, Bi Mwanamvua, aliolewa zamani Mkunguni, kijiji kidogo kilichopo ukikaribia Bagamoyo, ambapo njia inapita karibu na maji kiasi kwamba ukiwa garini unasikia harufu ya chumvi. Walikuwa hawajaonana miaka saba. Tangu watu wahamishiwe vijijini, huyu alikuwa na ugonjwa, yule alikuwa na msiba, basi hakuna, miaka ikapita hivihivi.

"Tutampitia, mama," Pazi akasema. "Tutampitia tukirudi, ukae naye vizuri."

Mama akapeleka salamu kwa Jumbe, mchuuzi wa nazi aliyekuwa akipita kule: Jumapili asubuhi, gari jeupe, dada akae tayari. Akafunga furushi lake. Ndani yake kulikuwa na doti moja ya khanga aliyoipangia foleni duka la ushirika kuanzia alfajiri, na kilo moja ya sukari aliyoificha tangu mwezi wa Ramadhani. Sukari, mwaka ule! Watu walikuwa wakinywa chai ya chumvi.

Safari ya kwenda ilikuwa raha tupu. Baada ya Tegeta bahari ikaanza kujionyesha upande wa kulia, mara inaonekana, mara minazi inaifunika, na Twalibu kila ikitokeza anapiga kelele kwamba ameiona yeye wa kwanza. Mwanne akimsuta kwamba bahari haina wa kwanza. Mwamini aliyekuwa kimya siku zote alianza kuimba, na mama, aliyekaa mbele na furushi mapajani, alicheka mpaka akajifuta machozi. Mkunguni walipapita jua limeshazama. "Kesho, dada," mama akasema kwa sauti ndogo, akikielekezea kijiji kidole.

Jumapili kulikucha na mawingu mazito, bahari na mbingu rangi moja. Watoto walicheza majini, wakala mihogo na samaki wa kukaanga. Mama alikuwa amevaa tangu alfajiri, amekaa kwenye ukingo wa baraza la shemeji, furushi mapajani. Hakumhimiza mtu.

Sasa lazima nikwambie kilichokuwa kichwani mwa Pazi, na hapa ndipo ninapokasirika naye. Pale Maili Moja, mkabala na kituo cha mabasi, palikuwa na benchi la kahawa. Kila Jumapili asubuhi wenzake wa ofisini walikaa pale, na ilipofika adhuhuri walitawanyika, wengine kusali, wengine kula. Pazi alikuwa na Jumapili moja tu ya gari katika maisha yake yote. Alitaka wamwone. Alitaka kupita pale taratibu, kiwiko dirishani, familia ndani, kabla benchi halijawa tupu. Kwa hiyo tangu walipotoka Bagamoyo, saa tatu na dakika hamsini, alikuwa akipiga hesabu: akisimama Mkunguni, itakuwa kusalimiana, itakuwa mkeka, itakuwa wali wa nazi, na watu watatu wanaotaka lifti na matenga ya samaki ndani ya gari la Telesphory. Benchi litakuwa tupu.

Walipokaribia Mkunguni mama akajiweka sawa, akavuta mtandio.

"Saa ngapi sasa, Pazi?"

Ilikuwa saa nne na dakika tano. Wangeweza kukaa kwa Bi Mwanamvua saa nzima na nusu, wakala, wakacheka, na bado wakafika Kibaha kabla ya saa nane bila kukimbia.

"Saa sita kasorobo," Pazi akasema.

Akauvuta mkono wa shati ukaifunika saa, kwa sababu Mwanne nyuma yake alikuwa amekwisha kufundishwa kusoma saa shuleni.

"Saa sita?" mama akashangaa. Alitazama juu kupitia kioo, lakini mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu, jua halikuwa na mahali pa kuonekana. "Leo siku imekimbia."

"Imekimbia, mama. Na mpaka nyumbani ni saa mbili na ushee. Tukisimama, saa nane itatukuta njiani, gari si langu, watalishika. Tutakuja siku nyingine. Hata mwezi ujao."

Mwamini alimtazama mumewe kwenye kile kioo kidogo cha juu. Pazi alihamisha macho.

"Basi," mama akasema, "pita taratibu nimpungie mkono. Nyumba yake ile, yenye mkeka nje."

"Mchanga huu, mama, nikipunguza tutakwama."

Akakanyaga mafuta. Nje ya nyumba palikuwa na mkeka mpya na sufuria juu ya mafiga, na ukingoni mwa barabara amesimama mwanamke mzee aliyejifunga khanga mbili safi, mkono kwenye paji la uso. Pazi alimwona vizuri, mpaka alivyokuwa amekaza macho. Mama alijigeuza kitini, akampungia kwa nguvu kupitia dirisha la nyuma, lakini vumbi lilikuwa limeshanyanyuka. Akageuka taratibu, akaliweka furushi sawa mapajani.

"Amekonda," akasema.

Ubungo mawingu yalikuwa yameanza kupasuka, na Maili Moja wakalikuta jua kali. Wenzake walikuwepo benchini, wanne. Pazi akapiga honi mara mbili. Mmoja aliinua kikombe, wengine walikuwa wakibishana juu ya mpira na hawakugeuka. Ikawa ndiyo hiyo. Kwa ajili ya honi mbili, Pazi alikuwa amempitisha mama yake mlangoni kwa dada yake kama anayepita kwa mtu asiyemjua.

Walipofika nyumbani alisema kwa sauti ya kuchangamka, "Tumewahi, mama. Saa nane kasoro kidogo. Kasali tu, adhuhuri imeshaingia zamani."

Mama akashuka, akaingia ndani, akatoka na birika la udhu. Akatawadha polepole. Kisha, badala ya kwenda kwenye msala, akatazama chini, akatazama juu. Akaenda kwenye ua wa makuti, akavunja kijiti, akakichomeka katikati ya uwanja penye jua. Miaka yote aliyokaa kwa Pazi hakuwahi kufanya hivyo. Akaokota kokoto, akaiweka pale ncha ya kivuli ilipoishia, akakaa kwenye kigoda kuitazama.

Pazi alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Aliiangalia saa yake kwa kificho. Saa sita na robo.

Kivuli kilikuwa bado kinapungua. Kilirudi nyuma ya ile kokoto upana wa ukucha, mama akaisogeza kokoto. Alikaa pale kwa subira, kama mtu anayechagua mchele. Mwanne alikuja kuuliza bibi anafanya nini, na bibi akamwambia, "Nangoja adhuhuri, mjukuu wangu." Hakuinua macho kumtazama Pazi hata mara moja. Baada ya muda, kivuli kikaanza kurefuka kuelekea upande wa pili. Hapo ndipo alipoinuka, akajipangusa vumbi, akaenda kusali.

Pazi alijidanganya kwamba mama hakuelewa. Mtu anaweza kujidanganya siku nyingi akitaka. Alikula bila kusikia ladha. Alimrudishia Telesphory gari, akashukuru, akaambiwa mbona amekonda. Akajiapiza kwamba mwezi wa saba atampeleka mama Mkunguni kwa basi. Mwezi wa saba ofisini kulikuwa na kazi. Wa nane akasema wa tisa.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa Jumbe, yule mchuuzi wa nazi, alibisha hodi asubuhi bila nazi. Bi Mwanamvua alikuwa amefariki, homa ya siku nne tu.

Walikwenda kwa basi, Pazi na mama yake, na lile furushi ambalo halikuwahi kufunguliwa. Ile sukari ndiyo iliyotiwa kwenye chai ya matanga. Wanawake waliisifu, wakauliza imetoka wapi, na mama akasema tu, "Ilikuwa yake."

Pazi alikaa na wanaume, na jirani mmoja wa marehemu, mzee aliyeitwa Isihaka, hakujua anaongea na nani. Alikuwa anasimulia tu, kama watu wanavyosimulia marehemu.

"Kuna Jumapili alipika wali tangu alfajiri, anangoja wageni wa Kibaha. Likapita gari jeupe, mbio. Sisi tukamwambia, Bi Mwanamvua, si lile? Akatukasirikia. Akasema, wangu hawawezi kunipita. Akakaa palepale barabarani mpaka saa nane, alipojua magari hayaji tena. Wali akaugawa kwa watoto. Jioni akatuomba tumsomee dua, alikuwa na hofu gari la mdogo wake limepata ajali."

Pazi akasimama, akaenda nyuma ya nyumba, akalia kwa aibu zaidi kuliko kwa msiba.

Alimwambia mama yake palepale, kabla hawajapanda basi la kurudi, wakiwa wamekaa juu ya gogo kando ya njia. Aliyatoa yote: saa nne na dakika tano, benchi la kahawa, honi mbili. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kivuli nilikiona, mwanangu," akasema.

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekwambiaje, na wanao wanasikiliza?"

Akasema amemsamehe, na alikuwa mtu wa kusema kweli. Mambo ya nyumbani yakaendelea. Alimtilia Pazi chakula kama kawaida, akamwombea dua kila asubuhi akitoka kwenda kazini, akawaambia wageni habari zake nzuri. Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Lakini katika miaka hiyo mitatu Bi Mwanahalima hakumwuliza tena mwanawe saa ngapi, hata akiwapo mgeni barazani. Akitaka kujua wakati alitoka uani na kijiti chake, hata siku za mawingu.