Betri Zilizopimwa kwa Mizani ya Dhahabu

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba ndani ya betri ya kuchaji kuna dhahabu. Sikuamini kwa kusitasita. Niliamini kama ninavyoamini kwamba Jumatatu huja baada ya Jumapili. Habari yenyewe niliipata kwa kinyozi: viwandani huko ng'ambo wanatia chembe za dhahabu ndani ya betri ili zishike umeme, na ndiyo maana dhahabu yetu inasombwa kwa pupa namna ile. Betri ikiwa nzito, dhahabu ni nyingi. Ikiwa nyepesi, umeuziwa bati. Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, nina cheti chenye mhuri, kwa hiyo nilimsaidia kinyozi kuwafafanulia wateja wengine.

Mwaka ule upande wetu wa Nyamwaga watu walikuwa wamepagawa. Waliacha migomba ikiwa na mikungu, wakauza ng'ombe, wakashika sururu. Kaka yangu alikuwa na hisa katika duara, ndivyo tulivyoliita shimo la kuchimbia, refu kiasi kwamba ukidondosha kofia asubuhi, inatua chini umeshamaliza chai na kiporo. Mwanga wake huko chini ulikuwa tochi moja ya kichwani, na betri zake zilikuwa zimechoka. Siku moja zilimzimikia akiwa katikati ya kupanda. Akaning'inia kwenye ngazi ya miti, anapapasa kwa mguu, mpaka mwenzake alipomfikia na mwanga. Alipotoka aliniita.

"Mura, wewe ndiye msomi. Nitafutie betri ambazo hazitanizimikia."

Nikaanza uchunguzi. Dukani kwa mama mmoja pale senta, jozi moja ya betri ilikuwa bei ya majogoo wawili. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndizo halisi, na kwamba ataniandikia risiti, ikiharibika niirudishe anibadilishie. Hapo ndipo nilipomshuku kabisa. Mtu anayeiamini bidhaa yake anaongeleaje kuharibika hata hujalipa? Na risiti ya nini, kama si mtego?

Siku ya mnada nikamkuta mwanamume ametandaza turubai chini, amevusha mzigo wake mpakani pale Sirari. Betri zake zilikuwa nyekundu, zimeandikwa namba kubwa kuliko yoyote niliyofundishwa, na jozi haikufika hata bei ya jogoo mmoja mgonjwa.

"Hizi ni orijino?"

"Si ushike mwenyewe, mzee. Sikia uzito."

"Na zikiharibika?"

"Haziharibikangi hizi."

Hilo nikaliona ndilo jibu la mtu mwenye uhakika. Nikachukua jozi mbili, moja ya kutumia na moja ya kuchaji.

Lakini mimi si wa kudanganywa kirahisi. Nilikwenda nazo kwa mnunuzi wa dhahabu, mwenye mizani ndogo ambayo ukiipumulia tu inasoma pumzi yako. Tochi yake ilikuwa na betri za yule mama wa duka. Tukapima yake, tukapima yangu. Yangu ilizidi kama gramu kumi. Mnunuzi akaigeuzageuza betri yake kwa huzuni.

"Kumbe yule mama ametuuzia bati."

Kwetu kila kitu cha thamani kilinunuliwa kwa uzito. Sikuona kwa nini betri iwe tofauti.

Aliyekataa kufurahi ni shemeji yangu, mke wa kaka. Yeye kazi yake ilikuwa kuosha mchanga wa dhahabu kwa karai, na mgongo wake ulikuwa umeshazoea kuinama kuliko kusimama. Akaishika betri, akauliza, "Mbona rahisi hivi?"

"Shemeji, hata mizani imekubali."

"Mizani umeiuliza uzito tu. Hicho unachokichezea ni kichwa cha mume wangu."

Nikamshuku naye. Yeye na yule mama wa duka walikuwa wanaimba kwaya moja.

Asubuhi iliyofuata kaka alivaa tochi yenye jozi ya kwanza, akakaa mlangoni kufunga viatu vya mpira kwa kamba. Jozi ya pili niliiacha uani inachajiwa kwa sola. Nikasikia harufu kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikaishuku sola. Nikalishuku jua, ambalo siku hiyo lilikuwa linatosha kukaanga mayai mawinguni. Mara betri moja ikatema kifuniko, kikaruka hadi bandani kwa kuku, na punje zikamwagika chini, zinametameta.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilifunga geti. Jirani alikuwa anachungulia juu ya ua wa mkonge. Nikamwambia nina kuku anaumwa. Kisha nikazoa zile punje kwenye karai, nikamimina maji, tayari nimeshatajirika.

Shemeji alitoka, akaninyang'anya karai bila kuuliza. Akalizungusha taratibu, maji yakipita ukingoni. Hata kaka aliacha kamba za viatu akatazama, mwanga wa tochi umemulika karai mchana kweupe. Chini zikabaki chembe tatu nne zinang'aa.

"Hizo," nikanong'ona.

Akazisugua kwa kidole gumba. Akamgeukia kaka.

"Baba watoto, vua hiyo tochi. Iweke mbali, pale kwenye mawe. Leo hushuki."

Kaka akaivua, akaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba nge, akaenda kuiweka. Shemeji akamwaga karai. Kwa kijiti akalionyesha lile gamba jekundu lililopasuka. Ndani yake mlikuwa na kibetri kingine, chembamba kama kidole cha mwisho, kimeungua na kuwa cheusi.

"Huu ni mchanga wa mto, shemeji, hung'aa bure. Wametia iwe nzito. Betri yenyewe ni hako kadogo. Dhahabu haimo, wala hawajawahi kuitia."