Shimo la Udongo

Asubuhi ile mimi na mke wangu Somoe tulikuwa tunapalilia ufuta shambani kwetu Lionja. Alikuwa ananicheka, eti napalilia kwa mstari kama bado niko jeshini. Nilikuwa nimerudi kutoka Burma, nikidhani vita nimeviacha huko.

Ndipo matrekta ya mradi wa karanga yalipoanza kung'oa msitu upande wa Nachingwea.

Ardhi ilitetemeka.

Nilitupa jembe.

Akili iliponirudia nilikuwa ndani ya shimo la nyuma ya nyumba, tulikochimba udongo wa kukandikia kuta. Nimejikunyata, kama tulivyojikunyata handakini siku bomu lilipomwua rafiki yangu Hamisi, bega lake kwenye bega langu.

Tangu hapo wasiwasi haukuniacha, hata matrekta yakinyamaza. Moyo ulidunda bila sababu. Sikulala, sikulima. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliniandikia kombe, aya za zafarani zinazooshwa kwa maji, nikanywa, nikatulia siku kadhaa. Zahanati ya Mnero walinipa vidonge. Usingizi niliupata, lakini asubuhi niliikuta hofu inanisubiri. Wajomba zake Somoe walitaka nichezewe ngoma ya kupunga pepo, na nisipopona wamchukue Somoe, mtoto wao, asije akafa njaa.

"Subirini mavuno," Somoe aliwajibu.

Kila nilipokimbilia shimoni, alinifuata na muhogo wa kuchoma.

"Sogea huko, bwana. Shimo tumechimba wote."

Hakuniambia nisiogope. Alinimenyea, tukala, kisha akasema, "Haya, ufuta haujipalilii." Tukapanda pamoja kutoka shimoni. Hofu haikuisha. Nilijifunza kulima nayo. Tulivuna, na wajomba walikuja wakala, wakarudi kwao bila mtoto wao.

Miaka michache baadaye Somoe alifariki akijifungua. Makaburini mtani wetu Bakari alijilaza ndani ya kaburi, kama watani wafanyavyo, akakataa kutoka.

"Hapa pangu. Huyu fundi wa mashimo akachimbe lingine."

Watu walicheka. Nami nilicheka, machozi yakinitoka. Alipoahidiwa kuku, akatoka.

Nilishuka kumpokea mke wangu. Hofu ilinijia mbele ya watu wote, lakini sikumwangusha. Nilimlaza, nikapanda.

Siku zote tulikuwa tunapanda wawili.