Breki Ikizama Usiseme ni Maji

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Leo umenipandisha mori upya. Siku mbili umelala chini ya pikapu yako ukiinua springi za nyuma, peke yako bila fundi, ili isikwame kwenye tope la njia ya Chara. Nikakuuliza mbona breki inazama, ukacheka: "Ni maji tu baba, itakauka." Na kesho unataka kumpakia mkeo, na mimba yake ya miezi minane, umpeleke kliniki Garsen. Keti hapo unisikilize.

Maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa wa umri wako. Nilikuwa na pikapu iliyochoka, na mvua ikinyesha barabara ya huku unaijua. Nikaazima jeki na spana, nikaongeza vyuma viwili kwenye kila springi ya nyuma, na kipande kizito cha chuma juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu. Gari likapanda. Nikalizunguka nikijisifu kama bwana harusi. Kitu ambacho sikukitazama ni mpira wa breki, ule mfupi unaopitisha mafuta ya breki kutoka kwenye chesisi, fremu ya gari, kushuka hadi kwenye ekseli. Chesisi imepanda, ekseli imebaki chini, mpira umevutwa hadi ukakakamaa. Sikuutazama kwa sababu nilijiona fundi. Upumbavu mtupu!

Kwa siku tatu breki ikawa inashuka kidogo kidogo. Na sisi watu wa huku unatujua. Kila mtu anavuka maji, kwa hiyo breki ikigoma dereva anapampu mara mbili tatu, anasema ni maji, abiria wanaitikia, safari inaendelea. Siku ya tatu nilimbeba dada yangu Maliko, ameketi nyuma na makapu yake ya samaki. Tulipotoka kwenye maji akanigongea bati.

"Kaka, breki ziko?"

"Ni maji, Maliko. Tulia."

Karibu na Garsen tukakuta ng'ombe wanavuka barabara. Nikakanyaga. Mguu ukazama hadi sakafuni, gari likapunguza mwendo kidogo tu. Nikakata kona kuwakwepa, tukaingia mtaroni, pikapu ikalala ubavu, na goti la Maliko likabaki chini ya bodi.

Ndiyo, shangazi yako huyo huyo. Nyinyi watoto miaka yote mmeambiwa goti lake lilipigwa teke na ng'ombe kisimani. Uongo huo niliutunga mimi, naye akanisitiri. Nimechoka nao.

Watu walipokwisha kumtoa, akaja mwenye ng'ombe. Alikuwa Muorma, mzee Godana, aliyeendesha lori la mifugo miaka mingi kabla ya kurudi kwa ng'ombe wake. Pole hakunipa. Aliinama kwenye tumbo la gari, akaushika mpira uliopasuka, akauliza:

"Hii gari nani alinyanyua?"

"Mimi, mzee. Lakini ni maji, tumevuka pale nyuma..."

"Maji! Maji inakata mpira? Sikiza, kijana. Breki ikiingia maji, pedali iko ngumu lakini gari haisimami. Mafuta ikitoka, pedali inazama. Mguu yako ilijua. Wewe ulidanganya mguu yako, sasa angalia mguu ya dada yako."

Akatema mate, akawafuata ng'ombe wake.

Basi sikia, maana sitarudia. Ukigusa springi umegusa breki, utake usitake. Pandisha chesisi, uikalishe juu ya vigogo imara usije ukafa bure, uache magurudumu ya nyuma yaning'inie. Tazama mpira hapo. Ukiukuta umenyooka hauna ulegevu, kazi yako ni mbovu: rudisha springi zilivyokuwa, au umwite fundi akuwekee mpira wa urefu unaofaa. Papasa ndani ya kila gurudumu kama kuna unyevu. Kopo la mafuta ya breki likipungua kuna mahali yanavuja, usijaze tu ukaondoka. Washa injini, kanyaga pedali uishikilie. Ikiendelea kushuka, gari hilo halitoki uani kwangu. Na kama ulifungua bomba lolote, hewa imeingia, sharti itolewe. Hata ukimaliza yote, lijaribu polepole uwanjani, ukiwa peke yako.

Mkeo hapandi. Nimemweleza sababu mwenyewe, goti la shangazi yako na uongo wangu wote. Kesho atakwenda na gari la jirani, Maliko atamsindikiza, nawe utabaki hapa chini ya pikapu yako mpaka uniambie mafuta ya breki yanavujia wapi. Unune, usinune, sitaki kukuona ukizeeka na siri kama yangu.

Mungu amjalie mkeo ajifungue salama, akupe mtoto mwenye afya, nawe akupe moyo wa kusema "nimekosea" kabla mtu hajaumia. Sasa inuka, jeki iko mlangoni.