Mlango wa Belevi, Dirisha la Mabatini

Mimi hapa hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Nimeuza saruji kwa ndugu wawili waliojenga kuta mbili juu ya mpaka mmoja, kila mmoja akiapa kwamba ule wa mwenzake utaanguka kwanza. Shule niliiacha darasa la tano, na leo wenye diploma zao wananiita Mzee wakitaka mabati kwa mkopo. Malori yangu yanapanda kutoka kiwandani Muganza na saruji kila siku anayoileta Mungu. Nimeona mengi, ndugu yangu unayesoma, na yale ambayo sijayaona nimeyauza.

Basi kiangazi hiki nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya nyumba yangu kule Belevi, chai mkononi, ziwa limetandikwa chini kama shuka iliyopigwa pasi, nikasikia harufu. Mafuta ya moto, pilipili, chumvi, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu wasiofika urefu wa kidole. Nikaweka kikombe chini. Belevi haina harufu. Hiyo ni sehemu ya bei yake.

Nikafuata pua yangu mpaka nyuma ya gereji. Maman, niliyemleta kukaa kwangu miguu yake ilipoanza kuchoka, alikuwa amewasha makaa kwenye mbabula, amekaanga karai zima la kutosha harusi, ameketi kwenye kigoda, uso wake ukitazama ukuta.

"Maman, hii yote ni ya nani?"

"Ya bale banapita."

"Huku hakuna muntu anapitaka."

"Nimeona," akasema, akageuza samaki.

Nilisimama pale, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, na harufu ile ikanishika mkono ikanirudisha kwenye nyumba yetu yenye nyuso mbili.

Ilisimama mahali ambapo mitaa miwili ya Kamembe ilipeana mgongo. Upande wa juu ni Belevi: barabara ya changarawe, miti iliyopandwa kwa kamba, majumba yenye vioo, mlinzi na mbwa. Upande wa chini ni Mabatini, kwetu Waswahili: mafundi wa bati, washonaji, wachinjaji, kuku wa kila mtu na watoto wa kila mtu. Papa alikuwa masoni, fundi wa kujenga, na kipande kile cha ardhi alikipata kama malipo ya ukuta aliomjengea bwana mmoja wa Belevi. Kilikuwa kipembe kilichobaki, kama mkia wa kitenge fundi anapomaliza kukata. Kichwa chake kiligusa barabara ya Belevi na mkia wake uligusa kichochoro cha Mabatini. Papa akajenga nyumba, na mlango akauweka kichochoroni, kwa sababu huko ndiko ndugu zake walikokuwa.

Mlangoni pale Maman alikaanga sambaza. Tangu wabeba mizigo walipoamka mpaka watu waliporudi kutoka kuswali jioni, kichochoro kilipita mbele ya karai lake. Alikuwa na msemo wake: "Kaanga pale pua za watu zinapopita." Msimu wa mvua, masoni wote wanapokaa nyumbani kutazama mawingu, karai lile ndilo lililotulisha, likatununulia sabuni na daftari.

Siku moja akaja komisioneri, mmoja wa wale wanaotafutia watu nyumba na kula kati yao. Alikuwa na kofia na fimbo asiyoihitaji. Akazunguka nyumba yetu akicheka peke yake.

"Papa Hamadi," akamwambia baba yangu, "weye unalala juu ya makuta, pesa tupu, na unaota njaa. Hii nyumba mlango yake inaangalia wapi?"

"Mabatini."

"Njo hivyo. Nyumba inahesabiwa kwa mlango. Geuza mlango, iangalie juu, na bei inapanda mara tatu. Tofali hata moja usiongeze."

Mara tatu. Nilikuwa na miaka kama tisa, na jambo lile lilinikosesha usingizi. Kesho yake nilianza uchunguzi. Nilichota udongo wa Belevi nyuma ya nyumba na udongo wa Mabatini mbele ya nyumba, nikaonja wote wawili. Ulikuwa udongo mmoja, ila wa kwetu ulikuwa na chumvi kidogo kwa sababu ya mbuzi. Nikasema labda ni ziwa. Lakini ziwa lilionekana vizuri zaidi kutoka choo chetu cha Mabatini, ambacho hakikuwa na paa. Mvua ilinyesha pande zote. Nikamwendea Maman.

"Maman, Belevi banalipia nini?"

"Banalipia batu basiopita," akasema bila kuinua macho.

Niliona amenijibu hovyo kwa sababu alikuwa na kazi. Nikarudi kwenye udongo wangu.

Papa alikuwa mtu wa kujisifu. Wanaosema nimemrithi wanasema kweli. Mvua za kwanza zilipokaribia, alichukua akiba yote ya nyumba akanunua mlango wa mbao nyekundu wenye kioo cha maua. Kwa siku mbili nyumba ililia nyundo. Akatoboa ukuta wa Belevi, akausimamisha mlango wake, kisha akauziba ule wa Mabatini kwa tofali na saruji, akapaka mpaka usingejua kwamba mlango uliwahi kuwa pale. Komisioneri akaja, akavua kofia mbele ya kioo, akataja bei mpya. Papa akavaa koti. Tuliketi sebuleni jioni ile, tukiwa watu wa Belevi, na hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake.

Asubuhi Maman alitoa mbabula yake mlangoni, barabarani. Akakaanga. Gari likapita, vioo vimefungwa. Baadaye gari jingine. Mbwa alikuja kunusa, mlinzi akamwita kwa Kifaransa, akarudi. Jua likapanda mpaka juu ya miti iliyopandwa kwa kamba, na sambaza wakapoa kwenye karai. Siku ile tulikula sambaza mchana na jioni. Kesho yake tulikula asubuhi pia. Kufikia mwisho wa wiki paka wetu alikuwa akiona karai anaondoka.

Kisha akaja jirani, Madame Konsolata, mwanamke mpole aliyenukia sabuni ya kutoka mbali.

"Mama Hamadi, mimi sina mubaya na weye," akasema. "Lakini rido za madirisha yangu zinanuka samaki. Mabwana bakija kutembea, banauliza kama tumehamia sokoni."

"Pole, Madame," Maman akasema, akazima makaa.

Wateja wetu nao walikuwa wamejaribu kutufuata. Aliyejaribu zaidi ni Yozefu, mbeba magunia, mtu mwenye mabega kama kabati na miguu ambayo haikuwahi kujua kiatu. Ili kutufikia ilimbidi azunguke mpaka mwanzo wa barabara, na hapo mlinzi alimsimamisha: unaenda kwa nani, umeitwa na nani? Siku ya tatu, ili mlinzi ampishe, Yozefu aliazima viatu vya shemeji yake, vidogo kwake, akapanda Belevi akitembea kama mtu anayekanyaga mayai. Alifika kwetu anatokwa na machozi.

"Mama Hamadi," akasema, akiketi chini kuvivua, "sambaza yako ni tamu, lakini haiwezi kunikatisha vidole. Mimi sirudi tena."

Maman alimpa samaki bure. Niliuona uso wake akimtazama Yozefu akishuka na viatu mkononi.

Mvua ikashika kweli. Papa hakuwa na kazi. Mnunuzi wa komisioneri alikuwa akija kesho, na kesho yake tena kesho. Sabuni iliisha, kisha chumvi. Mwalimu alinirudisha nyumbani kwa kukosa daftari, na Papa aliketi na koti lake nyuma ya kioo cha maua akitazama barabara isiyopitwa na mtu. Kurudisha mlango asingeweza; Mabatini yote ilikuwa imeshamwita Mzungu wa Juu, na mtu akishachekwa na watu kwa jina kubwa, kulivua kunauma kuliko viatu vya Yozefu.

Ijumaa, Papa alipokwenda msikitini, Maman alifunga kitenge kiunoni, akachukua nyundo na patasi za mumewe, akaenda kwenye ukuta wa nyuma.

"Hamadi, nishikie patasi."

"Papa atasema nini?"

"Papa yako atakula, njo atasema."

Alipiga. Saruji ya Papa ilikuwa nzuri, na ninasema hivyo kama mfanyabiashara wa saruji: ilitupa taabu. Lakini tofali moja likatoka, likafuata la pili, na mwanga wa Mabatini ukaingia na kelele zake zote, kuku, cherehani, mtu akigombana na mbuzi. Nilikuwa sijajua kwamba nilizikosa. Maman alikaanga palepale ndani, akafunga samaki kwenye jani la mgomba, akatoa mkono tunduni. Yozefu ndiye aliyekuwa akipita, na gunia kichwani.

"Heee," akasema. "Ukuta umezaa mkono."

"Unanunua ama unahesabu vidole?" mkono ukamjibu.

Papa aliporudi kutoka kuswali alikuta kichochoro kimejaa, watu wamepanga mstari mbele ya ukuta wake. Wakampisha wote. Nilijificha nyuma ya Maman. Papa akasogea, akaingiza kichwa chake tunduni, akatazama karai, akatazama sarafu kwenye bakuli, akapitisha kidole kwenye kingo za tundu.

"Mama Hamadi," akasema, "hili tundu limepinda."

Akavua koti. Akaleta timazi na mbao, na kabla ya jua kuzama tundu likawa dirisha, lenye boriti juu na kibao cha kuwekea bakuli, dirisha lililonyooka kuliko yote aliyowahi kuwajengea mabwana.

Komisioneri alipokuja alizunguka nyumba mara moja, hakucheka. Akasema dirisha lile linarudisha harufu ya Mabatini ndani ya Belevi, na bei lazima ishuke.

"Ishushe," Papa akamwambia, mdomo umejaa sambaza. "Hilo tundu njo linatulisha."

Nyumba ile haipo tena. Miaka ilipita juu yake na mambo yake, na siyo mambo ya kuandika siku ninapotaka kucheka. Papa amelala makaburini Gihundwe. Mimi nilikua, nikauza msumari mmoja mmoja, kisha kilo, kisha tani, na nilipoweza nilinunua parseli, kiwanja kizima, Belevi kabisa, bei ambayo nikiitaja watu wananiomba nirudie, nami narudia. Nilijua ninalipia nini. Mtu aliyelala utotoni kwenye kelele anajua thamani ya ukuta. Lakini jibu la Maman nililolidharau na mdomo wangu umejaa udongo, lile la watu wasiopita, nililielewa kiangazi hiki nyuma ya gereji, nilipomwona ameketi mbele ya ukuta wangu mzuri akingoja pua.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na ukanda wa migomba wa mtu mwingine, na nyuma ya migomba kichochoro cha Mabatini. Nikaenda kumwona mwenye migomba. Alikuwa kijana, alinitambua, akaniomba bei ya Belevi kwa udongo wa Mabatini.

"Kijana, hapo hata gari haipiti," nikamwambia.

"Lakini batu banapita, Mzee. Si ni bo unatafuta?"

Maisha yangu yote nimepunguza bei. Siku ile sikupunguza hata faranga. Nililipa. Nikakata migomba, nikatengeneza njia, nikatoboa ukuta kwa mkono wangu, na timazi ya Papa. Maman alikagua, akasema tundu limepinda kidogo, akawasha makaa. Nikazunguka nje kichochoroni ili niwe mteja wake wa kwanza. Mkono ukatoka na sambaza kwenye jani la mgomba, ukabaki wazi hewani mpaka nikaweka sarafu, maana hakunipunguzia hata kidogo. Migomba, njia, boriti, mbao, na mia tano za samaki: faranga milioni nne, mia nane sitini elfu, na mia tano.