Kungojea Chupa Ikauke

Miaka yote nilipofika kwenye somo la mnato, nilifundisha kwa asali. Asali haipatikani ovyo hapa Kindu, na wanafunzi wangu walijiuliza kwa nini mwalimu anahangaika kuiagiza mpaka Pangi wakati kila jikoni kuna mafuta ya mawese. Sikuwajibu. Mwalimu wa fizikia ana haki ya kuwa na ukaidi wake, nami nilikuwa nao wa kutosha.

Mwaka huu asali ilikosekana. Mtu wa pikipiki aliyezoea kuniletea alikuwa mgonjwa, na mitihani haingojei mtu apone. Nikaingia jikoni kuchukua chupa mbili za mawese. Mama ninaishi naye hapa Kasuku, humu humu mjini. Magoti yamemkataa, lakini macho na masikio yake hayana hata siku moja ya uzee. Aliniona nikizifunga chupa kwenye kitambaa, akauliza kama siku hizi shuleni tunapika. Nikamwambia ni za somo. Akanyamaza, na mama akinyamaza hivyo ujue hajamaliza.

Darasani niliweka chupa moja dirishani penye jua na nyingine sakafuni, kwenye ubaridi. Ilikuwa kiangazi, na asubuhi za kiangazi mawese huganda nusu, yakawa kama uji uliolala. Nilipozipindua zote mbili, ile ya juani ilitiririka mara moja. Ya sakafuni ilitoa ulimi mzito, ukasita, ukashuka pole pole. Kijana mmoja akasema ile ya baridi imekuwa nzito zaidi ya maji. Nikadondosha tone lake ndani ya glasi ya maji, likaelea. Si uzito, nikawaambia. Ni ubishi. Kimiminika kinabishana na mwendo wake chenyewe.

Niliwaeleza kama ninavyoeleza kila mwaka. Wafikirie watu wanaotoka kanisani au msikitini kwa mlango mmoja. Wa katikati wanakwenda, walio kando wanasuguana na ukuta, na aliyebanwa ukutani kabisa hasogei. Mafuta yako hivyo ndani ya chupa. Yanasogea kwa tabaka, tabaka moja likilivuta jingine, na tabaka linalogusa kioo limeshika kioo na haliachi. Joto huyalegeza, baridi huyakaza. Ndiyo maana, nikasema, hata ungoje namna gani, chupa ya mafuta haikauki. Daima kuna kinachobaki.

Nilisema hivyo mbele ya vijana waliozaliwa baada ya vita, kisha nikageukia ubao nikajifanya natafuta chaki.

Wakati wa vita mji wetu ulifungwa. Wenye bunduki walikuwa ndani, wenye bunduki wengine walikuwa msituni, na sisi tulibaki katikati tukiwa na njaa. Treni haikuja, mashua hazikuja, na mashamba yetu tuliyaona kwa mawazo tu. Baba alikuwa amekwenda Tunda kwa ndugu zake kabla barabara hazijafungwa, akabaki huko. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya, maana kwetu ndivyo tunavyomwita mkubwa wako. Chumvi tuliilamba kwa ncha ya kidole. Mawese yaliletwa na wanawake wachache waliothubutu kupita vichochoro vya porini, na mmoja wao aliuza kwenye kisoko kidogo karibu na mto.

Mafuta yalipimwa kwa chupa ya bia. Muuzaji anaijaza, anaipindua, shingo inaingia kwenye mdomo wa bidoni, dumu lako la mafuta, anaiacha. Kabla ya vita, uzi wa mafuta ukishakatika na kuwa matone, unachukua bidoni yako unakwenda. Kilichoshika chupa kilikuwa cha muuzaji, na hakuna aliyekisemea. Njaa ilipoingia, hakuna aliyekiacha tena. Wanawake walikaa chini kando ya chupa zao zilizopinduliwa, wakazungumza habari za watoto na za nani hajaonekana, huku tone linashuka, linatulia, jingine linashuka. Hilo tuliliita kungojea chupa ikauke. Sikumbuki mtu yeyote aliyeona haya.

Wauzaji walipenda asubuhi, kwa kuwa asubuhi mafuta yanashika kioo na mengi yanabaki kwao. Wanunuzi walipenda adhuhuri. Mama, ambaye naye alikuwa amewahi kuuza mafuta, hakukubali kupunjwa na baridi; siku zote alimtuma yaya jua likiwa kichwani. Yaya aliipenda kazi ile. Aliishika chupa kati ya viganja na kuisokota taratibu ili ipate joto lake, na muuzaji alimtania kwamba siku moja ataikamua mpaka kioo chenyewe.

Halafu askari wakaanza kukamata watu njiani mchana ili wawabebeshe mizigo. Wasichana waliochukuliwa hawakuwa wanabebeshwa mizigo tu. Mama akageuza saa. Akasema tangu sasa yaya ataenda asubuhi, askari wakiwa bado wamelala na pombe yao. Ulikuwa uamuzi wa mama mwenye akili, na leo hii bado sioni kosa lake. Ila alipokuwa anamkabidhi bidoni alimwambia yale ambayo kila mama wa mji huu alimwambia mtoto wake wakati ule, kwa Kiswahili chetu ambamo mbele ni kabla:

"Usirudi mbele chupa haiyakauka."

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani niliposikia risasi kutoka upande wa mto. Mama akanivuta ndani, tukalala sakafuni. Watu walipita mbio nje, miguu mitupu, hakuna aliyepiga kelele. Mama alikuwa anasema, karibu bila sauti, kwamba huyu mtoto ana miguu myepesi, atafika sasa hivi. Alilirudia hilo mpaka risasi ziliponyamaza, na hata baada ya hapo.

Aliyefika ni muuzaji wa mafuta, na alikuwa ameshika bidoni yetu.

Alituambia akiwa amesimama, kwani alikataa kukaa. Risasi zilianza wakati uzi wa mafuta umekatika, matone ndiyo yanaanza. Wote waliinuka wakakimbia. Yeye mwenyewe aliacha mali yake yote pale, akamvuta yaya kwa kitenge. Yaya aliinua mkono kumzuia, macho yakiwa kwenye chupa, akasema, "Bado inashuka." Yule muuzaji akakimbia peke yake. Aliporudi hakumkuta sokoni. Alimkuta njiani, karibu kabisa na barabara yetu, amelala upande, na bidoni imesimama kando yake. Kifuniko kilikuwa kimekazwa.

Kifuniko hicho nimekiwaza kuliko kitu chochote duniani. Maana yake alingoja mpaka aliporidhika. Akatoa chupa, akaisimamisha mahali pake, akafunga bidoni vizuri kama alivyofundishwa, ndipo akaondoka.

Tulimzika siku ileile, upesi, kwa kuwa maziko marefu yalikuwa ya wakati wa amani. Watu wakatuambia ni mapenzi ya Mungu. Niliwachukia kwa neno lile, na nikiwa mkweli bado sijamaliza kuwachukia. Na siku zilizofuata tuliyala mafuta yale. Mama aliyamimina kwenye sombe mkono wake ukiwa umetulia, tukala, mimi na yeye. Yalikuwa matamu. Tulikuwa na njaa, na mafuta hayakujua yametoka wapi.

Baba alirudi barabara zilipofunguka. Aliuliza mara moja tu ilikuwaje, mama akamweleza yote mpaka maneno yake yeye ya asubuhi ile, na baba hakumlaumu. Nadhani ingekuwa afadhali kama angemlaumu, mama angepata wa kugombana naye. Tangu siku zile mama akimimina mafuta anapindua chupa, na uzi ukikatika tu anaiondoa kwa nguvu kama mtu aliyeungua. Majirani wa sasa, walioingia mjini baada ya vita, wanasema yule bibi ana maringo, anatupa mafuta.

Basi siku ile ya somo nilirudi nyumbani mchana, nikamkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Akaniuliza nimewafundisha nini watoto wa watu kwa mafuta yake. Nilijaribu kupita, lakini mama hapitwi. Nikamweleza habari za tabaka, za baridi na joto, za kile kinachoshika kioo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kile kinachobaki baada ya uzi kukatika ni kiasi gani. Nikasema sijui, inategemea. Akasema mimi ni mwalimu, nipime.

Nilikataa. Nilimwambia kwa hasira kwamba hakuna faida. Moyoni nilikuwa nimeshafanya hesabu: yakiwa mengi, atasema kumbe alikuwa na sababu ya kumngojesha mtoto, na hilo litamuua, yakiwa machache, atauliza mtoto alikufia nini, na hilo nalo litamuua. Alinitazama nikifoka mpaka nikaisha.

"Miaka yote hii nayaona mu kichwa," akasema. "Siku ingine inajaa kikombe. Siku ingine hakuna kitu. Nimechoka kuyapima miye peke yangu. Niyaone mara moja, niachane nayo."

Nilikaa siku kadhaa nikijifanya nina kazi. Mwishowe nikaijaza chupa ya bia kwa mawese na kuiacha barazani ipate baridi ya asubuhi, kama yalivyokuwa mafuta ya asubuhi ile.

Ukungu ulikuwa bado mtoni nilipoiingiza jikoni. Mama alikuwa ameshakaa. Niliipindua juu ya bakuli. Mafuta yakakataa kwanza, kisha ulimi ukatoka, ukashuka kwa mikupuo, ukawa kamba, kamba ikakonda. Mkono wangu wa pili ulishika kijiko, tayari kupokea yatakayobaki. Na hapo nilijikuta nakisogeza kijiko mapema. Mimi ambaye nawakatia vijana alama kwa kusoma kipimo vibaya, nilitaka kijiko kijae. Nilitaka mama aone kitu kinacholingana na mtoto.

Mama alinisukuma mkono. "Bado ni uzi," akasema.

Uzi ukakonda mpaka ukawa kama unywele mwekundu, ukakatika. Hapo ndipo risasi zilipoanza siku ile. Wote wawili tulitazamana. Nikaweka kijiko. Tone likaanguka. La pili likachelewa. Mama akanyosha mikono, akaishika chupa kati ya viganja vyake na kuanza kuisokota taratibu, na mimi nikaona mikono ya yaya. Sikuwa nimejua kwamba yaya alikuwa na mikono ya mama. Matone yakaja, kila moja likining'inia mdomoni mwa chupa muda mrefu zaidi ya lililotangulia, mpaka ilipofika ambapo tuliona moja linakua na halianguki.

Kijiko hakikujaa.

Nilikishikilia tu, sikujua nifanye nacho nini. Mafuta yalikuwa yamekaa chini kwenye shimo la kijiko, hayajagusa ukingo.

"Njo hii?" mama akauliza.

"Njo hii, mama. Ndiyo haya tu."

Akakiinamia, akakitazama kama mtu anayetafuta uso wa mgeni ambaye amesikia habari zake siku nyingi. Nilingoja alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake, nimemwomba hata jirani asiende mbali. Hakulia. Alipoinua kichwa alikuwa na uso mdogo, wa mtu aliyetuliwa mzigo lakini mgongo wake bado haujui.

"Alinisikia," akasema. "Nilimwambia, na akanisikia."

Nilitamani kumwambia kwamba mtoto yeyote mwenye njaa angengojea bila kuambiwa, kwamba asubuhi ilikuwa ya kumwokoa, kwamba baridi haina mwenyewe. Yote ni kweli na yote ameshajiambia. Nikaweka kijiko juu ya meza, polepole, nisimwage. Kisha nikanyosha mkono kuichukua chupa kutoka viganjani mwake ili niisimamishe, kazi iishe, nikajiandae kwenda shuleni.

Mama hakuiachia. Alikuwa ameipindua bado, ameishika kwa viganja vyote viwili, macho yakiwa mdomoni mwa chupa.

"Wacha," akasema. "Bado inashuka."

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, tukangojea.